Jicho la Jemedari

Kila siku ya likizo niliamka saa kumi na mbili, nikafagia uwanja, nikanywa chai, kisha nikashika ndoo ya pumba na kumfuata Baba kwenye banda la farasi. Baba yangu, Kiilu, ni mtunza farasi katika ranchi moja chini ya Mlima Kasigau. Farasi wetu ni wanne. Watatu hubeba wageni wanaokuja kutazama wanyama. Wa nne, Jemedari, humbeba Baba anapozunguka kuangalia kama ndovu wamevunja ua. Ndovu wakipita hapo, mahindi ya kijiji kizima yamekwisha. Kwa hiyo msinicheke nikisema Jemedari ni mfanyakazi kama wengine, ila yeye halalamiki.

Mimi ni Nzilani, niko Gredi ya Saba, na mimi na ujuaji ni chanda na pete. Hayo si maneno yangu, ni ya Mama. Kuku akikohoa, mimi ndiye daktari. Redio ikinyamaza, mimi ndiye fundi, na mpaka leo haijasema tena.

Mwezi wa Aprili Baba alikwenda Kitui kwa matanga ya shangazi yake. Aliniachia Jemedari: nyasi, maji na kusafisha banda. Ukiona jambo lolote lisilo la kawaida, alinionya, mwambie Thadeus saa hiyo hiyo. Thadeus ni mwenzake kazini, Mdawida wa Wusi, mwenyeji wa milima ya huku, na ni baba ya rafiki yangu Shanice.

Siku hiyo hiyo mchana nililiona jambo lenyewe. Jicho la kushoto la Jemedari lilikuwa jekundu, limefumba nusu, linatoa machozi. Thadeus alikuwa ametoka na wageni. Ningemngoja tu mpaka jioni, lakini nilikumbuka dawa ya matone ya mdogo wangu, Maxwell. Alipewa zahanati vumbi lilipomwasha macho, na kwa siku mbili akawa mzima. Nusu chupa ilikuwa imebaki kabatini.

"Hiyo ni dawa ya mtu," Shanice akasema.

"Jicho ni jicho," nikamjibu, nikamwambia ashike kamba aache siasa.

Jioni Thadeus aliuliza mbona jicho lina maji. Nikamwambia ni vumbi tu. Niliendelea kuweka matone asubuhi na jioni kwa siku tatu, na kweli wekundu ukaisha. Nilitembea kichwa juu. Baba aliporudi aliniambia kazi nimeifanya kama mtu mzima. Nilizipokea sifa zote, lakini habari ya chupa sikuitaja.

Kesho yake asubuhi jicho lilikuwa jeupe kama maji ya mchele. Jemedari aliinamisha kichwa akakataa pumba. Sijawahi kumwona akikataa pumba. Baba alipiga simu Voi, na kufikia saa sita daktari wa mifugo, Daktari Priscilla, alikuwa ameshafika.

Alitia tone la rangi ya njano ndani ya jicho, akamulika kwa tochi. Katikati pakang'aa doa la kijani, kubwa kama punje ya dengu. Alisema hicho ni kidonda, na huenda mwiba wa mgunga ndio uliomkwaruza.

"Kidonda kama hiki huanza kufunga baada ya siku chache," alisema. "Hiki kinazidi kuchimba. Kikitoboa, nitalazimika kulitoa jicho."

Alidhani ni ukungu, kama ule unaoota kwenye mkate, ulioingia na mwiba, akaanza kutoa dawa ya ukungu kwenye sanduku lake. Kisha akauliza kama kuna dawa yoyote jicho hilo limewekwa.

"Hapana, Daktari," Baba akasema. "Hapa hakuna anayeweka dawa bila mimi kujua. Naapa."

Jamani! Nikinyamaza, nani angejua? Shanice asingesema. Nikisema, Baba aliyeapa mbele ya daktari angeonekana mwongo, na kosa ni langu. Nilitaka ardhi ipasuke nizame. Lakini Jemedari alikuwa anatetemeka kwa maumivu, na daktari alikuwa tayari anafungua chupa.

"Mimi niliweka," nikasema. "Dawa ya Maxwell. Siku tatu, asubuhi na jioni."

Baba alinitazama kana kwamba mimi ni mtoto wa jirani. Daktari hakunigombeza. Aliniambia nikailete chupa, nami nikakimbia. Aliisoma karatasi yake, akairudisha dawa ya ukungu sandukuni. Alitueleza kwamba matone yale huondoa wekundu, lakini palipo na kidonda huzuia kisifunge. Jicho lilionekana limepona, kumbe ndani linaliwa.

"Ningemtibu ukungu," alimwambia Baba, "ningepoteza siku mbili. Na jicho hili halina siku mbili."

Alitoa damu kwenye shingo ya Jemedari, akaiacha itulie mpaka juu pakabaki maji ya rangi ya manjano. Hayo maji ya damu yake mwenyewe yakawa dawa, pamoja na matone mengine aliyotuachia, kila baada ya saa mbili. Tulifunika madirisha kwa magunia kwa sababu mwanga ulimuumiza. Niliomba zamu za mchana, Baba na Thadeus wakachukua za usiku. Nilinawa mikono, nikatazama saa, nikaweka matone, nikaandika kwenye daftari. Siku mbili Baba hakusema nami ila kuuliza saa. Siku ya tatu aliingia bandani na vikombe viwili vya chai, akaniambia nisogee, akaketi kando yangu. Nililia mpaka chai ikapoa.

Wiki ya tatu daktari alirudi. Alitia ile rangi tena, akamulika, na kijani hakikuonekana. Lakini je, jicho linaona? Alipanga fito sita chini uwanjani, akalifunika jicho la kulia, lile lililo zima, kwa kitambaa, akanipa kamba. Ranchi yote ilitoka kutazama.

Kwenye ufito wa kwanza Jemedari alisimama. Aliinamisha kichwa, akaugeuzia jicho la kushoto, akainua mguu, akaruka. Wa pili akaruka. Wa tatu, wa nne, wa tano. Alipouvuka wa sita Mama alipiga vigelegele, Thadeus akarusha kofia, nami nikaikumbatia ile shingo kubwa bila kujali nani ananiona.

Kelele zilipotulia, Daktari Priscilla alinishika bega.

"Usimpe mgonjwa dawa ya mgonjwa mwingine, Nzilani, awe farasi au awe ndugu yako. Hilo lilikuwa kosa kubwa. Lakini wagonjwa wangu hawasemi. Mimi hutegemea ukweli wa anayewalisha. Siku ile ungeficha, leo ningekuwa nimekuja kuangalia kovu mahali palipokuwa na jicho."

Baba aliitikia kwa kichwa. Kisha akamtandika Jemedari, maana ua ulikuwa haujakaguliwa, akaniita karibu.

"Mwangalie wewe kwanza," akasema. "Halafu uniambie ulichoona, hata kama ni kibaya."

Nilimwangalia jicho, masikio na kwato zote nne. Nikamwambia Baba yote, hata tongotongo. Akapanda, wakaondoka mbio kuelekea mlimani.