Sauti Aliyoifuta Glenys

Glenys Hague alikutana na Neville kwenye foleni ya samaki, soko la Castle, Sheffield, Jumamosi moja ya mwaka 1981, watu wamejaa hadi kukanyagana. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, kitambaa chekundu kichwani, weusi wa dawa ya kung'arishia vijiko bado umo kwenye kucha. Mbele yake alisimama kijana mrefu, koti la mvua la kijivu limefungwa hadi kidevuni, na macho, lo, yamepakwa wanja!

"Kaka, hilo wanja umejipaka ndani ya basi?" Glenys akamtania. "Jicho moja limekwenda Leeds."

"Na wewe hizo kucha, umetoka kuchimba makaa?"

"Nang'arisha vijiko vya matajiri. Wewe je?"

"Napiga kinanda cha umeme."

"Aa, basi huna kazi."

Wakacheka mpaka muuza samaki akawafokea. Mwezi haujaisha, walikuwa wakipigiana simu kila jioni.

"Umekula, kipenzi?" Glenys alizoea kuuliza.

"Chipsi."

"Chipsi tena! Ukifa mimi nibaki na nani?"

Neville alikuwa na kundi la muziki, Kioo Baridi, yeye na Duncan, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Duncan aliimba, Neville alipiga kinanda, ngoma ilipigwa na mashine. Wimbo wao mmoja ulikuwa na sauti nzito, ya baridi, iliyomsisimua Glenys mwili mzima. Neville aliitafuta wiki tatu, akizungusha vidude arobaini na viwili vya kinanda kile. Na kinanda chenyewe hakikuwa na kumbukumbu: ukisogeza kidude, sauti imekwenda. Neville hakuandika popote. Aliviacha vilivyo, akafunika shuka. Glenys hakuna aliyemweleza hayo.

Kaseti ya wimbo huo ikafika London. Mtu wa kampuni ya rekodi akasema atakuja Jumamosi aisikie sauti ile kwa masikio yake.

Ijumaa Glenys akatangulia kwenye chumba cha mazoezi. Akafunua shuka, akaona vumbi. Mgeni atoke London akute uchafu huu? Akasugua kidude kimoja kimoja mpaka vyote vikameta. Akaondoka na furaha yake moyoni.

Kesho yake Neville akabonyeza kinanda, kikalia kama mbuzi. Akazungusha huku na huku, jasho likamtoka, wanja likamchuruzika mashavuni. Mgeni alisikiliza dakika kumi, akasema siyo hii aliyoifuata, akaenda zake.

"Nani kagusa?" Neville akapiga kelele. "Ni wewe, Duncan! Juzi tu ulisema turudi kwenye magitaa. Umeniua makusudi!"

"Nev, naapa kwa mama yangu..."

"Toka! Msaliti mkubwa!"

Glenys alikuwa mlangoni. Akaelewa: ni kule kusugua kwake. Nitamwambia kesho akishapoa, akajisemea. Kesho hiyo ikawa miezi minne. Duncan akahamia Hull kufanya kazi bandarini, na sauti haikupatikana tena. Mapenzi yalikuwepo, tena matamu, lakini kila Neville alipomtukana Duncan, Glenys alikosa hamu ya kula. Majuto ni mjukuu, jamani.

Februari, wakiwa mkahawani mkabala na kituo cha basi, Neville akaweka pete ndogo mezani.

"Muziki umenishinda, Glen. Nimepata kazi ya kuuza redio. Rafiki sina, kundi sina. Nina wewe tu, ambaye hujawahi kuniumiza. Tuoane, mpenzi."

Glenys akaitazama pete. Aliitaka, Mungu anajua alivyoitaka.

"Nilisugua mimi," akasema.

"Ulisugua nini?"

"Kinanda. Ile Ijumaa. Nilikikuta na vumbi, nikasugua vidude vyote. Sikujua, Nev. Duncan hakugusa kitu."

Akangoja matusi. Matusi yangekuwa nafuu.

"Ungeniambia siku ile ile, ningelia, halafu yangekwisha," Neville akasema taratibu. "Kinanda ni kinanda tu. Lakini miezi minne unanisikia namwita Duncan msaliti, na wewe unanipitishia chumvi mezani kana kwamba hujui kitu."

"Niliogopa utaniacha."

"Najua."

Akanyanyuka, akavuka barabara hadi kibanda cha simu kumpigia Duncan. Kupitia dirishani Glenys alimwona akitia sarafu, akisema maneno mawili matatu, kisha akiitazama simu iliyokatwa. Akatia nyingine. Ikakatwa tena. Mara ya tatu alisimama nayo sikioni mpaka mtu wa nyuma akagonga kioo. Akatoka, akajiunga na foleni ya basi. Basi likaja, akapanda, akaketi upande wa mbali.

"Mwenzio anarudi, mwanangu?" mama mwenye mkahawa akauliza. "Chai yake inapoa."

"Harudi," Glenys akasema, akakivuta kikombe cha Neville na kuinywa ile chai yeye.