Feni Isigeuzwe

"Nazi imepasuka."

Sauti ilikwaruza ndani ya kikapu, chini ya vitambaa vya kufuma. Anastazia akasimama katikati ya Barabara ya Nane, jua la Tanga likimchoma utosini, akajifanya anapanga bidhaa. Akaiinamia Motorola, redio yake ya mkononi.

"Rudia."

"Nazi imepasuka. Picha yake wameipata. Inatoka alasiri."



Nazi lilikuwa jina la siri la Castory, mdogo wake wa tumbo moja, jasusi kama yeye. Wiki nzima alikuwa baharia wa uongo ndani ya boti iliyojaa bunduki, imetia nanga mbele ya Ushongo, ikingoja kupakua Tongoni. Wenye bunduki hawakutumia redio, maana redio husikilizwa. Walikuwa na ukurasa wa intaneti. Mtu wao wa Tanga mjini aliandika maagizo humo, na kila alasiri boti iliufungua kwa simu ya setilaiti. Leo ukurasa ungeonyesha uso wa Castory na maneno mawili: MSALITI HUYU.

"Shekhe, tukate simu za mtaa mzima!" alimwambia mkuu wake, aliyekuwa akiivizia boti kule Pangani.

"Ukurasa ukizimika, nahodha ana amri ya kumtupa majini kila mgeni aliyemo. Na mgeni ni Castory peke yake. Tafuta mashine yenye ukurasa, badilisha picha. Usizime. Umesikia? Usizime."

"Nimesikia."

Alisikia, lakini aliogopa. Na wewe unayesema majasusi hawaogopi, nenda kasimame pale na kikapu, mdogo wako yuko mikononi mwa wauaji, halafu uje unisimulie.

Mashine ya ukurasa haikati simu, na nyumba tatu za mtaa ule simu zao zilikuwa zinatumika kutwa kucha. Mbili alikwishaziingia. Ya kwanza ilikuwa na binti mwenye mchumba Dar es Salaam. Ya pili, mtu aliuacha mkono wa simu ukining'inia.

Ilibaki ya tatu.

"Hodi! Vitambaa vya kochi, vya televisheni!"

"Karibu, mwanangu. Karibu ndani."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Keti."

Bibi Ummekulsum, mjane wa mwenye duka la nguo, alikuwa amelowa jasho mpaka mtandio umemganda shingoni. Alijipepea kwa kipepeo cha jikoni. Feni ilikuwepo, National kubwa ya miguu, inazunguka kwa nguvu zake zote. Lakini ilitazama kona, ikipepea kitu kilichofunikwa kitambaa juu ya meza.

Anastazia akaganda. Tanga mgeni hupewa feni kabla hata ya maji. Nyumba gani hii, mwenyewe anaiva na feni inapepea kona?

"Bibi, kumbe televisheni nayo husikia joto?"

Bibi akacheka kwa aibu. "Si televisheni. Kompyuta ya mpangaji wangu, Eliudi, wakala wa forodha. Siku hizi biashara zimefunguliwa, mitumba ya kompyuta imejaa bandarini. Kainunua kuukuu, kaitengeneza mwenyewe, kaiunga na simu yangu. Feni yake ya ndani imekufa, basi kaniapisha hii isigeuzwe. Na simu ananilipia yeye. Niseme nini?"

"Kitambaa chake kimechoka. Nikipime nikuletee kipya?"

"Pima, mwanangu."

Akakifunua. Mashine ilikuwa matumbo nje, haina kifuniko. Chini ya meza palikuwa na betri ya gari, isije ikazimika siku ya mgao. Modemu ya US Robotics, kisanduku cha kuiunga na simu, ilipepesa taa. Anastazia akawasha kioo. Alifunzwa kazi hii. Kompyuta ya namna hii haiandikiwi barua wala haichezewi karata. Inakaa na ukurasa wake, na kila anayeuomba kwa waya hupelekewa. Wataalamu huiita seva.

Akafungua mahali pa picha. Castory alikuwemo, ndani ya sare, anacheka.

Pembeni yake palikuwa na picha nyingine, mtu mrefu mwenye tai. Jina la faili lilikuwa Eliudi.

"Haya, Eliudi," akanong'ona. "Msaliti awe wewe." Akaanza kuandika amri.

Ndipo upepo mtamu ukamgusa shingoni.

Aligeuka. Bibi alikuwa ameigeuza feni.

"Bibi! Irudishe!"

"Hasha! Mgeni atoke jasho kwangu, na feni ipo? Eliudi mwenyewe katoka, hataona."

Kioo kikaganda. Herufi alizobonyeza hazikutokea. Harufu ya kuungua ikapanda kutoka kwenye matumbo ya mashine.

"Bibi, tafadhali, irudishe!"

"Usinionee haya, mwanangu. Punga upepo."

Mashine ikifa, Castory anakwenda majini. Browning ilikuwa kapuni. Amwelekezee bibi wa watu bastola kwa kosa la ukarimu? Mungu amsamehe, alilifikiria. Mikono ilimtetemeka, meno yakagongana, na hakuwa anaigiza.

"Homa," alisema. "Bibi, nina homa. Upepo unaniua."

Bibi akaitazama mikono yake. Akaitazama midomo.

"Lahaula! Una malaria na unatembeza vitambaa juani!" Akairudisha feni mbio mbio. "Ngoja nikuchemshie mwarobaini." Akapotelea jikoni.

Anastazia akainama, akaipuliza mashine kwa mdomo wake mwenyewe. "Amka," akaisihi. "Amka, mama, usinifie."

Herufi moja ikatokea. Ya pili. Zote. Akabonyeza, na sura ya Eliudi ikakaa mahali pa sura ya Castory.

Adhana ya alasiri ikaanza.

Taa za modemu zikawaka kwa fujo. Boti ilikuwa inauvuta ukurasa, mstari kwa mstari, kwa ile simu yao ya setilaiti, ya mwendo wa kobe. Anastazia alizitazama.

"Nani kafunua mashine yangu?"

Eliudi alikuwa mlangoni. Mkono wake ukashuka kiunoni.

Browning ilishatoka chini ya vitambaa.

"Keti, Eliudi. Feni usiiguse."

Eliudi akatazama kioo, akaona sura yake juu ya yale maneno mawili. Akakaa. Usidhani ni adabu, alijua wenzake sasa watamsaka yeye.

Bibi akatokea na kikombe, akaiona bastola, akashika ukuta.

"Samahani, bibi. Mimi ni mtu wa serikali."

Anastazia akawaita wenzake kwa redio, wakaja wakamfunga Eliudi pingu, wakamtoa. Anastazia alibaki akiishikilia Motorola kwa mikono miwili. Kisha ikakwaruza.

"Nazi nzima!" Shekhe alikuwa anapiga kelele, kanuni zote kazisahau. "Namwona kwa darubini! Tongoni wamepakimbia, wanadhani Eliudi kawauza. Wanaingia mtoni Pangani, na mlango wa mto anaujua Castory tu. Wamempa usukani! Anatuletea boti hapa kivukoni."

Anastazia akafumba macho. "Mwambie mama anamngoja."

"Utamwambia mwenyewe."

Bibi bado alikuwa amesimama na kikombe chake, kinafuka moshi. "Kumbe homa ilikuwa uongo," alisema kwa uchungu.

Anastazia akanyoosha mkono kukipokea. Mkono ulitetemeka mpaka dawa ikamwagika.

"Si uongo, bibi. Ninayo."

Akainywa yote, chungu shubiri, mpaka mashapo. Kisha akaigeuza feni, akamwelekezea bibi, mashine akaiacha iive. Akakitia kikapu mkononi na kutokea Barabara ya Nane, taratibu, kwa mwendo wa mtu asiye na wasiwasi. Mikono tu ndiyo aliizamisha chini ya vitambaa, watu wasiione.