Ua la Mama Chini ya Mwaloni

Kila Jumamosi Verlene Ledford alifagia uwanja wake mpaka udongo ukabaki mtupu. Mama yake alifagia hivyo, na bibi yake pia. Huko kwao milimani, jani moja uwanjani lilitosha kukutia aibu.

Kando ya ngazi, juani, alikuwa amepanda ua la mama yake. Ni ua la msituni, jeupe, lenye majani matatu mapana. Mama alikuwa ameshafariki, na msitu alikolitoa ulikuwa umekatwa wote. Vilibaki vishina viwili tu vya ua hilo, navyo vilinyauka. Verlene aliumia sana.

"Nalimwagilia kila siku," alimwambia mumewe, Harlan. "Nalifagilia vizuri. Linataka nini tena?"

"Labda limechoka na ufagio," Harlan akacheka.

"Nyamaza wewe!"

Akamwita jirani, Bi Oleta, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kitalu cha miti. Bi Oleta akachuchumaa, akagusa udongo. Ulikuwa mgumu kama sakafu.

"Mwanangu, unaliua kwa usafi."

"Mimi?"

"Wewe na ufagio wako. Msituni nani anafagia? Majani yanaanguka, yanaoza, yanakuwa chakula chake. Yanazuia udongo usikauke. Halafu jua hili linalichoma."

"Sasa nifanye nini?"

"Subiri majira ya vuli, miti inapopukutisha majani na ua lenyewe limeshalala ardhini. Lichimbe na udongo wake, ulihamishie kivulini, chini ya ule mti wa mwaloni pembeni mwa uwanja. Changanya majani yaliyooza kwenye shimo. Juu tandika majani makavu. Na usilichume! Ukichuma unaondoka na majani yake, na hayo ndiyo yanayolilisha."

"Watu watasema nimekuwa mvivu."

"Waache waseme."

Verlene alifanya hivyo. Kila Jumamosi mikono ilimwasha, lakini chini ya mwaloni hakufagia. Mwaka wa kwanza yalitoka majani tu. Mwaka wa pili pia. Hakukata tamaa. Mwaka wa tatu yalichanua maua manne.

Mwezi wa Mei mwaka huo, ukoo ulikusanyika kusafisha makaburi na kuyapamba, kama desturi yao. Dada yake, Wilma, alipitia nyumbani kwanza.

"We Verlene, unaumwa? Uwanja gani huu!" Akachukua ufagio.

"Weka chini huo. Njoo huku."

Wilma akayaona maua, akachuchumaa. "Ya mama?"

"Ya mama."

Wilma akafuta machozi, kisha akanyoosha mkono. "Tumchumie moja."

"Thubutu! Kaburini tunapeleka ya karatasi, kama kila mwaka. Haya yanabaki hapa, yaishi."

Mchana ule, mbele ya ukoo mzima, Verlene aliweka maua ya karatasi kaburini. Akasimama wima, kifua mbele, akasema kwa sauti ili kila mtu asikie:

"Mama, ua lako limechanua. Uwanja wangu ni mchafu, na sioni aibu hata kidogo."