Mume wa Bibi Robhi

Kipimanasaba kilimeza tone la mate la Weigesa, kikanguruma taratibu, kikaanza kupekua. Kilisoma vinasaba vyake, kikavilinganisha na vya wakazi wote wa Tarime Mpya, kisha na kumbukumbu za ndoa zilizohifadhiwa ofisi ya kata tangu enzi za karatasi. Mhandisi Weigesa ndiye aliyekiunda, na baraza la mji lilikitegemea kuamua nani ana haki ya kukaa na kuzikwa kwenye ardhi ya ukoo gani.

Taa ikawaka nyekundu.

"Marehemu Kisiri, baba wa Weigesa, si damu ya ukoo huu," ilisema sauti tulivu. "Mama yake Kisiri, Robhi, aondoke kwenye boma la ukoo."

Weigesa alirudia kipimo. Nyekundu tena. Chuma hakina sababu ya kudanganya, aliwaza, ila bibi yake Robhi anayo. Moyo ulimuuma kumfikiria hivyo, lakini shaka ikishaingia haibishi hodi mara mbili. Mbona pale nyumbani hakukuwa na picha ya babu hata moja? Mbona kila akimuuliza, bibi alijibu tu "alikuwa mchapakazi" na kubadili mazungumzo?

Alimkuta bibi nyumbani akipepeta ulezi.

"Bibi, usinifiche. Babu alikuwa nani?"

"Wankuru."

"Hilo ni jina la kike!"

"Na alikuwa mwanamke." Bibi Robhi hakuacha kupepeta. "Mume wake alifariki, naye hakujaliwa mtoto. Akapeleka ng'ombe kwa baba yangu, akanioa ili nimzalie. Wazee wanaiita nyumba ntobhu. Kisiri alikuwa mtoto wa Wankuru mbele ya watu wote. Mwanamume aliyekuja kunizalisha, hilo halikuulizwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Mlisoma mjini, mkaanza kuona aibu mambo yetu. Nikanyamaza."

Weigesa alikaa chini. Kumbukumbu za kata hazikukosea. Yeye ndiye aliyeifundisha mashine kwamba jina la kike likikaa mahali pa mume, ni kosa la karani, lirukwe. Tena siku ile alicheka na wenzake.

"Nitaifuta hukumu, bibi. Mashine nitairekebisha leo hii. Hakuna atakayekugusa."

"Mimi nina mjukuu mhandisi," alisema Bibi Robhi, akaweka ungo chini. "Jirani yangu Nyamisana hakuwa naye. Alikuja ofisini kwako akakueleza haya haya, ukamwona mwongo. Walipomhamisha hakumaliza hata masika. Alizikwa wapi yule mama?"

Weigesa alijua. Nyamisana alizikwa makaburi ya mji, kwenye safu ya wasio na ukoo, na kibali cha mazishi alikisaini yeye.