Niliruhusu Ng'ombe wa Chacha Wageuzwe Hisa

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Nyansurura, niliyeolewa Sirari. Wasomaji wenzangu, haya yamenikaa kooni muda mrefu...

Kwetu Wakurya, ng'ombe wanaotolewa mahari kwa dada ndio kaka yake huolea mke, na hawauzwi kabla dada hajaulizwa. Wangu walikuwa wakimsubiri mdogo wangu Chacha. Mchumba alikuwepo, baba wa binti amekubali. Ilibaki kuswaga ng'ombe tu!

Ndipo akaja kaka yetu mkubwa, Mwita. Miaka ile kila mtu alikimbilia mashimo ya dhahabu, naye alikuwa akinunua kwa wachimbaji. Akasema ipo kampuni ya huduma za kompyuta inayoendesha mfumo wa kuandikisha dhahabu kwenye masoko ya serikali, na hisa zake hazishikiki! Auze ng'ombe, anunue hisa, Chacha aoe kwa kishindo. Mwita hanunui punje ya dhahabu bila kuichunguza, lakini kampuni hiyo aliipima kwa wingi wa kompyuta na walinzi wa mlangoni!

Mume wangu Marwa, mtu wa upande wa Kenya, ni fundi kompyuta. Alisoma hesabu za kampuni akaniambia, "Bhoke, hawa mteja wao ni serikali peke yake. Sera ikibadilika, watakula nini?"

Laiti ningemsikiliza! Lakini Mwita alininong'oneza, "Shemeji anazililia hizo ng'ombe kwa sababu alizitoa yeye. Siku akikuacha, anataka azikute nzima. Mwangalie vizuri huyo."

Nikamwangalia. Kweli, simu alikuwa akipokelea nje, nyuma ya choo, kwa sauti ya chini. Nikitokea, anakata. Nikimuuliza, anasema ni kazi tu. Kazi gani ya kunong'ona? Nikaanza kunusa mashati yake... Siku moja, kwa hasira, nikampigia Mwita: uza!

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Kisha serikali ikatangaza kwamba mfumo wa dhahabu utaendeshwa na wataalamu wake yenyewe. Kampuni haikuiba wala kudanganya. Ilimpoteza mteja wake wa pekee, basi! Hisa zikaporomoka, hata wa kuzinunua tukamkosa. Mwita akazima simu. Baba wa binti alisubiri, akachoka, binti akaolewa Busawe. Chacha alilia mbele yangu, mwanaume mzima!

Wiki iliyofuata Marwa aliingia uani na mtamba mwekundu. Kumbe zile simu zilikuwa za ndugu zake wa ng'ambo ya mpaka, akimtafuta mtamba huyo ili aongezee mahari ya Chacha! Nilimuuliza kwa nini alinificha.

"Ningekuambia, ungemwambia Mwita. Naye angemuuza."

Nikaipokea kamba, nikamfunga mtamba mwenyewe.

Wapendwa, ukitaka kununua hisa, usihesabu kompyuta. Uliza nani anailipa kampuni hiyo, na akiondoka itaishije. Na kabla hujamshuku anayekuonya, mshuku kwanza anayekuharakisha. Nawasihi, msipite nilikopita!

Mtamba yule sasa amezaa. Namkamua kila asubuhi, na nikienda kwetu nambebea Chacha maziwa. Anayapokea, anashukuru... lakini haniiti tena dada.