Matone Matatu ya Mama Sekela

Saa nne asubuhi, treni ya waya ikiwa juu kabisa ya mabonde ya Uyole, sauti ndogo ilimsemesha dereva sikioni: "Lugano, sukari yako inashuka. Kunywa juisi." Lugano alikuwa hajahisi chochote. Akanywa, akaendelea na safari, na abiria mia mbili wakafika Mbeya mjini bila kujua kwamba dereva wao alikuwa amebakiza robo saa azimie.

Aliyemsemesha ni punjepima. Ni chombo kidogo kama punje ya ulezi, hupandwa chini ya ngozi ya mkono, na kila dakika hupima sukari na chumvi za mwili. Watu elfu arobaini wa jiji hilo walikuwa nacho. Wauguzi vijana walikuwa hawajawahi kumchoma mgonjwa kidole; sindano za kazi hiyo waliziona makumbusho.

Palikuwa na chumba kimoja tu ambamo zilikuwa bado zinatumika.

Punjepima hupotoka kidogo kidogo, kama saa ya ukutani inayochelewa, kwa sababu mwili huifunika kwa utando. Kila asubuhi ilibidi ilinganishwe na damu halisi. Maji ya maabara yalijaribiwa yakashindwa: hayana homa, hayana wasiwasi, hayakula jana usiku. Basi damu ilitoka kwa Mama Sekela Mwakalinga, mshonaji wa mtaa wa Soweto, mwenye kisukari tangu utoto. Tofauti kati ya tone lake na punje yake iliitwa urari wa asubuhi, nayo ilirushwa kwa punje zote jijini. Walianza watoaji kumi na wawili. Wengine walichoka, wengine wakahama. Alibaki yeye, mwaka wa kumi na moja sasa, matone matatu kila asubuhi, mkono wa kushoto peke yake. Wa kulia ulikuwa wa mkasi, na makubaliano yalisema usiguswe.

Msawazishaji mpya, yaani mchukuaji wa matone na mpiga hesabu ya urari, aliitwa Atuganile, msichana wa Tukuyu aliyetoka chuoni juzi. Utaratibu aliujua kwa moyo: mtoaji aje hajala, atulie nusu saa, ndipo achomwe. Lakini ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Mbeya inauma, na kwao mgeni hakai mbele ya meza tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiki chumba au friji?"

"Nimekuletea chai ya maziwa. Kikombe kimoja tu."

Mama Sekela alikitazama kikombe kilichoshikwa kwa mikono miwili. Alidhani utaratibu umebadilika. Msomi ndiye huyo mbele yake. Na mtoto akikupa kwa adabu hivyo, unamrudishiaje? Akanywa. Ikawa desturi yao.

Asubuhi ya kumi na tisa, Mama Sekela aliingia ameshika ukuta. Jasho lilimtoka usoni.

"Natetemeka, mwanangu."

Atuganile alitazama kioo cha kusomea punje. Namba ilikuwa ya kijani: tano nukta sita. "Uko vizuri kabisa, mama. Ni baridi tu. Ngoja nikumiminie chai."

Mama Sekela akauzuia mkono wake. Ilikuwa mara ya kwanza kukikataa kikombe chake. "Nichome kwanza. Huu mwili nimeishi nao kabla hujazaliwa wewe, na kabla ya huyo mdudu wenu."

Atuganile akamchoma. Mashine ya zamani ikasoma tone: mbili nukta tisa, sukari ya mtu anayekaribia kuzimia.

Alimnywesha chai mara moja, yenye sukari vijiko vinne, na wakati akimshikia kikombe ndipo akaelewa. Punje haikai ndani ya mshipa, hukaa kwenye maji ya nyama. Sukari ya chai hufika kwenye damu kwanza, na kwenye nyama dakika kumi baadaye. Kila asubuhi alilinganisha damu iliyokwisha kunywa chai na nyama ambayo bado, kisha akaiambia punje: unasoma chini, ongeza. Punje ikaongeza. Na pampu ya insulini kiunoni mwa Mama Sekela, kama za wengine jijini, iliiamini, ikammwagia dawa ya kushusha sukari asiyoihitaji. Urari huohuo ulikuwa mwilini mwa watu elfu arobaini. Kati yao, mmoja alikuwa anaendesha treni juu ya bonde.

Alimpigia mkuu wake, Daktari Kyando. "Tusimamishe pampu zote, daktari. Urari ni wa uongo."

"Nani ameuharibu?"

"Mimi. Kwa chai."

"Andika hivyohivyo kwenye ripoti. Sasa hivi tuwaambie watu."

Jiji zima likasikia punje zao zikisema jambo ambalo hazikuwahi kulisema: "Usiniamini leo. Kaa chini, kula kitu kitamu." Lugano alisimamisha treni kituo cha karibu, akala ndizi mbili huku abiria wakimzomea. Watu wawili walikutwa wamelegea majumbani, wakapewa sukari, wakaamka.

Ulihitajika urari mpya. Walisubiri kwa muda wa saa mbili sukari ya Mama Sekela itulie, kisha Atuganile akachukua mkono wa kushoto. Kidole cha kwanza hakikutoa kitu. Wala cha pili. Ngozi ilikuwa ngumu kama kisigino.

"Hivyo vimekufa ganzi zamani," Mama Sekela alisema. "Siku hizi ukinipa hariri na kitambaa kizito cha marekani nikiwa nimefumba macho, huo mkono haunijibu. Kitambaa nakipima kwa huu." Akaunyoosha mkono wa kulia juu ya meza.

"Hapana, mama. Makubaliano yanasema..."

"Nimechomwa na sindano maisha yangu yote, za cherehani na zenu. Choma, watu wanasubiri."

Yalitoka matone sita. Atuganile aliyahesabu huku machozi yakimdondoka, na saa saba mchana urari sahihi uliruka kwenda kwa watu wote.

Kesho yake hakukuwa na kikombe mezani. Walikaa nusu saa, mikono ya Mama Sekela ikipata joto ndani ya viganja vya Atuganile. Alimchoma taratibu, mkono wa kushoto, kidole kidogo kilichokuwa bado laini, mara tatu. Ndipo akafungua chupa ya chai.

"Ndaga, mama," akasema kwa lugha ya kwao. "Asante kwa niaba ya wote. Watoaji wengine watano wameanza kutafutwa, na jina la kwanza kwenye orodha ni langu."

Mama Sekela alipuliza chai yake. "Na hao elfu arobaini, wanajua kwamba nipo?"

"Hawajui."

"Afadhali. Wangekuja wote kunishukuru, na vikombe nyumbani ninavyo sita."