Mgonjwa Aliyemkana Bintiye

Siku ya pili baada ya kupasuliwa nyonga, Benigna alimwamkia binti yake wa kumzaa.

"Shikamoo, dada."

Oliva alicheka, akadhani ni dawa ya usingizi. "Mama, ni mimi."

"Sikujui." Mama aligeukia ukuta, akanong'ona kama anayemjibu mtu: "Nimeshakwambia, simjui huyu."

Jioni ile harufu ikaanza: udongo uliolowa, na ndani yake kitu kama nywele zilizoungua. Nje kulikuwa kukavu. Oliva akainama kutazama chini ya kitanda. Hakuna kitu. Alipoinuka alisikia kucha zikikwaruza ukuta, polepole, pale pale mama alipokuwa anapatazama.

Kesho yake mjomba Tadei alifika na basi kutoka Madaba. Alisimama mlangoni, akanusa, asiingie.

"Hili si la hospitali, mwanangu. Tumpeleke kwa mtaalamu."

"Mjomba, kidonda kibichi. Tutambebaje?"

Daktari Joachim, aliyewasikia, hakuwacheka. Aliwaeleza kwamba wazee wengi huchanganyikiwa baada ya upasuaji, akawaonyesha kimashine kidogo walichokuwa wanakijaribu. Kinapitisha umeme hafifu kwenye paji la uso, dakika ishirini kila siku, ili ubongo utulie.

"Hauumi. Ni kama sisimizi wanatembea. Lakini siwaahidi."

Oliva akatia saini.

Siku ya kwanza hapakuwa na badiliko. Siku ya pili mama alikunywa uji, akaulizia rozari yake. Siku ya tatu, mchana, waya zikiwa zimebandikwa, macho yake yakatakata.

"Oliva," alisema. "Oliva mwanangu."

Oliva akapiga magoti akilia. Kucha zikanyamaza. Harufu ikakatika. Daktari akatabasamu, lakini mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Yesu wangu. Nimelitaja."

"Umetaja nini, mama?"

"Jina lako." Akaelekeza macho ukutani. "Amekaa hapo siku zote ananiuliza, huyu anayekulisha ni nani, anaitwaje, maana wengine wakilitaja halimfai, anataka alisikie kwangu mimi niliyekuzaa, nami nikakataa, nikakataa, mpaka nikajilazimisha kukusahau kabisa, nikakuona mgeni, ili asikupate."

Daktari alizima mashine, akasema taratibu kwamba hayo ni mabaki ya kuchanganyikiwa, yatapita. Oliva alitaka sana kumwamini. Akachukua kikombe cha uji, akatoka kukiosha kwenye bomba la nje.

Jua la saa nane liliwaka. Wanawake walianika kanga kwenye ua, mmoja akamsalimia, na kwa mara ya kwanza tangu wafike Songea Oliva alihisi mabega yake yanalegea, akawaza atakavyompigia simu mjomba aliyekwisha kurudi Madaba, atakavyomrudisha mama nyumbani, na alikuwa bado anawaza hayo, maji yakimtiririka mikononi, aliposikia nyuma yake, karibu kabisa na sikio, sauti ileile aliyoililia siku zote hizo, tamu, ya upendo, ikimwita.

"Oliva! Njoo, mwanangu."

"Abee, mama!"

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Mbele, kupitia kioo cha dirisha la wodi, alimwona mama yake kitandani, kiganja bado kimeziba mdomo, macho yamemtoka, akimtikisia kichwa asiitike.